Nani Aliwafungulia Lango

Katika shule ya serikali ya bweni ambako mambo haya yalitokea palikuwa na vitu viwili visivyopinda: mlingoti wa bendera na bawabu wa lango kuu. Mlingoti ulikuwa wa chuma. Bawabu alikuwa mtu wa makamo, mrefu, shingo nyembamba, na shingoni humo ulining'inia ufunguo mmoja mkubwa kwa kamba. Wanafunzi walimwita Komeo. Walimheshimu mno. Ndiyo maana hakuna mwanafunzi aliyewahi kujaribu kutoroka kupitia langoni kwake. Wote walitumia tundu la ua wa nyuma, karibu na choo cha kidato cha tatu, ambako hapakuwa na mtu wa kumvunjia heshima.

Kazi ya Komeo ilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, baada ya kengele ya jioni haingii mtu bila pasi iliyosainiwa na Mwalimu Mkuu. Ya pili, bawabu haondoki langoni mpaka amkabidhi Mwalimu Mkuu ufunguo, mkono kwa mkono. Hii ya pili ilitungwa kwa sababu bawabu aliyemtangulia aliutundika ufunguo msumarini akaenda kunyolewa, na aliporudi alikuta kantini imebaki rafu na mizani. Komeo alizishika kanuni hizo jinsi watu wengine wanavyoshika dini, yaani kwa sauti kubwa na mbele ya mashahidi.

Mara moja tu aliteleza. Jioni moja alimwona Mwalimu Mkuu anakuja kwa miguu baada ya kengele, akamfungulia kwa kumjua sura. Kesho yake, kwenye mstari wa asubuhi, Mwalimu Mkuu alimwita mbele ya shule nzima. "Lango linalofunguka kwa kuona sura ya mtu si lango," alisema. "Ni pazia. Hata mimi, bwana. Hata mimi, bila pasi nisiingie." Wanafunzi walipiga makofi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu mzima akisemwa pale mbele, na kitu kizuri lazima kishangiliwe. Komeo alirudi langoni masikio yakimwaka moto.

Wiki haikwisha, ikaja mvua.

Mwalimu Mkuu alikuwa anatoka kwenye harusi ya mdogo wake. Suti mpya, viatu vipya, gari limekwama matopeni njiani, simu imelowa. Alifika langoni kengele imeshalia kitambo. Akatikisa vyuma.

"Fungua, ni mimi!"

"Pasi, Mwalimu Mkuu," akajibu Komeo kutoka ndani ya kibanda chake, ambamo mlikuwa mkavu.

"Pasi nazisaini mimi!"

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Basi lete karatasi nisaini hapa hapa."

"Pasi zinasainiwa ofisini, Mwalimu Mkuu."

Na ofisi ilikuwa ndani. Mwalimu Mkuu alitamka maneno kadhaa ambayo hayamo katika mtaala. Halafu akauzunguka ua wote wa shule mpaka kwenye lile tundu, akainama, akaingia. Kipande cha suruali kilibaki nje. Kidato cha tatu kizima kilikuwa kimejipanga madirishani, kila mmoja ameshika kitabu, wengine wamekigeuza juu chini.

Tundu lilizibwa kesho yake asubuhi kwa zege, na mabweni yakaingia katika msiba.

Komeo naye akaandikiwa shtaka la kukaidi mamlaka na kumdhalilisha mkuu wa shule. Akaambiwa kamati ya nidhamu ya bodi itakaa siku ya Ijumaa, hapo hapo shuleni, na kwamba ajiandae kujitetea.

Alijiandaa. Jioni zote za wiki hiyo alisimama katikati ya kile chumba cha nyumba ya shule waliyopewa, ile iliyokuwa imeegemeana na ukuta wa lango, akimhutubia mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Sketi na suruali za sare za shule nzima zilipita chini ya sindano yake, na alimsikiliza mumewe huku akipiga pindo.

"Sema giza lilikuwa nene, hukumtambua," mkewe alimshauri.

"Nitasema yale ya mstarini. Kwamba aliniambia mwenyewe, hata yeye asiingie."

"Na giza."

"Giza sitaki."

"Baba, ongeza giza kidogo. Giza halimdhuru mtu."

Ijumaa ikafika. Komeo alivaa tai ya harusi yao chini ya koti la kazi, akasimama langoni. Likaja gari la kwanza, akafungua, akapiga saluti. La pili, akafungua, akapiga saluti. La Mwenyekiti wa bodi, mstaafu wa idara ya maji mwenye tumbo la kuheshimika, akalifungulia vipande vyote viwili vya lango. Wajumbe wakaingia kwenye ukumbi wa walimu. Mwalimu Mkuu akaingia nao, maana ndiye mlalamikaji, na pia ndiye katibu wa kamati, na mlango ukafungwa.

Komeo akangoja kuitwa. Hapo ndipo kanuni ya pili ilipomkamata koo. Asingeweza kuondoka mpaka amkabidhi Mwalimu Mkuu ufunguo mkononi, na mkono wenyewe ulikuwa ukumbini, ukiandika kumbukumbu za kikao. Aondoke langoni? Kosa jipya, tena zito kuliko la kwanza. Abaki? Alibaki. Aliirudia hotuba yake kimoyomoyo, akalegeza tai, akaikaza tena, akalifungulia gari lililoleta chai ya wajumbe, akalifungulia lilipotoka.

Jioni kabla ya kengele wajumbe wakatoka. Mwenyekiti alishusha kioo cha gari.

"Kazi nzuri, bwana," alisema. "Endelea hivyo hivyo."

Komeo akapiga saluti, moyo umetulia kabisa. Alifikiri kikao kimeahirishwa.

Jumatatu akapewa barua ya kufukuzwa. Ilisema kwamba mtuhumiwa aliarifiwa ipasavyo, lakini alikataa kuhudhuria kikao, na kwamba ukaidi huo nao ulithibitisha ukaidi wa kwanza.

Wakahamia kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa pikipiki, katika chumba cha nyuma ya gereji. Kulinuka petroli hata ndani ya mito ya kulalia. Mtu aliyefukuzwa utumishi wa umma kwa kosa la nidhamu haajiriwi tena katika ofisi yoyote ya serikali, na wenye maduka nao, walipomuuliza Komeo kwa nini aliacha kazi ya ulinzi, aliwajibu ukweli: hakumfungulia bosi wake. Wenye maduka walimtazama, wakajitazama wenyewe kuwa ni mabosi, wakasema watampigia simu.

Cherehani ya mkewe ilikaa kwenye kona imefunikwa kitenge. Wateja wake wote walikuwa nyuma ya lango lile. Huku mtaani watu walivaa nguo za kununua zimeshashonwa.

"Shemeji," kaka mtu alikuwa akimwambia kila asubuhi huku akimsogeza mguu ili atoe spana chini ya kitanda, "hebu nipe pasi nichukue spana yangu."

Ni mkewe aliyempeleka kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Walimkuta wakili msichana, macho makali, akitafuna karanga kutoka kwenye bahasha ya kaki. Komeo alianza kuisimulia mvua. Wakili alimsikiliza kwa adabu, lakini kwa jinsi alivyotafuna ilionekana hana haja na mvua.

"Mzee, siku ya kikao ulikuwa wapi? Barua inasema ulikataa kwenda."

"Langoni."

"Unafanya nini?"

"Nawafungulia."

"Unawafungulia akina nani?"

"Wao. Wajumbe. Wa kuingia, wa kutoka. Nilipiga saluti zote."

Wakili aliiweka bahasha ya karanga mezani.

"Na Mwalimu Mkuu aliyekushtaki alikuwa wapi?"

"Ndani nao. Si ndiye katibu?"

"Aliwaacha wapige kura, akatoka?"

"Angetoka ningemwona, wakili. Hakuna anayetoka nisimwone. Labda kwa tundu, na tundu nalo walishaziba."

Wakili akamweleza utaratibu. Wangeiomba Mahakama Kuu iupitie uamuzi wa bodi. Mahakama haingeuliza kama Komeo alifanya vyema au vibaya kumwacha Mwalimu Mkuu mvuani. Ingeuliza tu kama waliomfukuza walifuata haki: walimsikiliza? Mtu mmoja alikuwa mlalamikaji na mwamuzi kwa wakati mmoja?

"Sawa," alisema Komeo. "Na mimi nitaeleza lini yale ya mstarini?"

"Hutaeleza. Maombi ya namna hii yanakwenda kwa hati za kiapo. Tunaandika, wao wanaandika, mawakili tunazungumza. Wewe unakaa."

"Nakaa?"

"Unakaa na kunyamaza, mzee wangu."

Komeo alimgeukia mkewe kama mtu aliyeuziwa kiatu cha mguu mmoja. Alikuwa anakwenda mahakamani kulalamika kwamba hakusikilizwa, na huko nako hatasikilizwa.

Siku ya shauri alivaa ile tai, safari hii juu ya koti. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyotegemea, feni inazunguka shingo upande, mabenchi yamechongwa majina na watu waliokuwa wakingoja haki. Mwalimu Mkuu na Mwenyekiti walikaa benchi la mbele. Jaji alikuwa mama mwembamba, miwani mnyororoni, sauti ya chini ambayo iliwalazimu wote kuinama mbele kidogo kama wanafunzi wenye njaa wakisikiliza kama kengele ya chakula imelia.

Wakili wa bodi alisimama, akapangusa kipara, akasema kwa kirefu. Mwombaji alipewa taarifa. Mwombaji alijua siku, mahali na saa. Mwombaji, Mheshimiwa Jaji, aliidharau kamati. Alichagua kutofika, na mtu aliyechagua kutofika hana ruhusa ya kulia kwamba hakusikilizwa.

Jaji alikuwa anapekua mafaili.

"Kikao kilifanyika wapi?"

"Shuleni, Mheshimiwa. Ukumbi wa walimu."

"Wajumbe waliingiaje shuleni?"

"Kwa magari, Mheshimiwa."

"Kupitia wapi?"

"Langoni, Mheshimiwa."

"Lango huwa wazi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni shule ya bweni, lazima lifungwe."

"Nani aliwafungulia?"

Wakili wa bodi alimgeukia Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akamgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti, ambaye hakuwa na wa kumgeukia, akaitazama feni.

"Nimeuliza," alisema Jaji.

"Bawabu, Mheshimiwa."

"Bawabu yupi?"

"Mwombaji, Mheshimiwa."

Benchi la nyuma mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Alikuwa shemeji. Komeo aliinua mkono, kama mwanafunzi anayejua jibu; wakili wake akaushusha bila kumtazama.

"Kwa hiyo mtu mliyemngoja akakataa kufika," Jaji aliendelea kwa sauti ile ile, "ndiye aliyewapigia saluti langoni. Alipewa ruhusa ya kuacha kazi yake aje ukumbini?"

"Hakuomba, Mheshimiwa."

"Angemwomba nani?"

Angemwomba Mwalimu Mkuu. Hilo lilimtoka wakili wa bodi polepole, na lilipokwisha kutoka, kila mtu chumbani alijua Mwalimu Mkuu alikuwa wapi na alikuwa anafanya nini. Komeo hakufurahi wala hakuhuzunika. Alikuwa bado ameudhika kwa kushushwa mkono.

Hukumu ilisomwa baadaye na ilikuwa fupi. Uamuzi wa bodi umetenguliwa. Mwombaji hakupewa nafasi ya kweli ya kusikilizwa, na mlalamikaji hakupaswa kuketi kati ya waamuzi. Arudishwe kazini, na bodi ikitaka, imsikilize upya bila Mwalimu Mkuu kuwemo. Mahakama, alimalizia Jaji, haisemi lolote kuhusu jioni ile ya mvua.

Nje kwenye ngazi, wakili alikuwa anacheka peke yake, karanga mkononi.

"Tumeshinda, mzee!"

"Nimeshinda nini?"

"Umeshinda kusikilizwa."

"Na nani?"

"Na kamati."

"Ile ile?"

"Kasoro mmoja."

Shemeji alijishika kiuno. "Yaani shemeji, umetoka gereji kwangu mpaka Mahakama Kuu kuomba wakufukuze tena, ila safari hii kwa adabu."

"Kaka, nyamaza," alisema mkewe Komeo, lakini naye alikuwa anatazama chini. Yeye hakuhamisha cherehani. Alisema hawezi kuibeba huku na huko kama mtoto mchanga. Siku watakapomwambia mumewe amebaki, ndiyo siku itakapoondoka gereji. Komeo akarudi langoni peke yake, akalala kwenye nyumba tupu iliyokuwa na alama ya miguu ya cherehani sakafuni.

Bodi ilitaka. Ijumaa nyingine ikapangwa, mchana, na safari hii Komeo alipoitwa alisimama imara langoni na kusema haondoki mpaka akabidhi ufunguo. Ikabidi Mwalimu Mkuu, ambaye mahakama ilikuwa imemtoa kwenye kikao na hivyo hakuwa na shughuli, aje mwenyewe. Komeo akauvua ufunguo shingoni, akamwekea kiganjani. Mwalimu Mkuu akaingia kibandani, akakalia kigoda cha bawabu, magoti yakamfika kifuani. Madirisha ya kidato cha tatu yakajaa wapenda elimu.

Ukumbini Mwenyekiti akasema, "Haya bwana. Tunakusikiliza."

Komeo alikuwa ameyangoja maneno hayo muda mrefu, na hakuyaharibu kwa haraka. Alianzia kwa bawabu aliyekwenda kunyolewa. Akapita kantini, akafika kwenye mstari wa asubuhi, akasimama kama Mwalimu Mkuu alivyosimama na kusema, "Lango linalofunguka kwa kuona sura ya mtu si lango, ni pazia." Wajumbe wakatazamana. Hilo halikuwa limeandikwa popote katika malalamiko.

"Alisema hivyo mbele ya watu?" aliuliza mjumbe mmoja, mama aliyekuwa amekaa mwisho wa meza.

"Mbele ya shule nzima. Walipiga makofi."

Aliendelea. Kivuli cha mlingoti kilirefuka, kikauvuka uwanja, kikapanda ukuta. Mwenyekiti alisinzia na kuamka, akakuta ndiyo kwanza mvua inaanza kunyesha. Hatimaye mama yule wa mwisho wa meza akauliza swali ambalo mkewe Komeo alikuwa amelitabiri.

"Ulimtambua, bwana? Au giza lilikuwa limeingia?"

Hapo palikuwa na mlango wazi, na nje yake kulikuwa na mshahara na nyumba, na cherehani ikiwa imerudi mahali pake. Wakili wake, aliyekuwa amekaa ukutani, alitikisa kichwa kidogo sana kumwonyesha upande wa giza.

"Nilimtambua," alisema Komeo. "Nilimtambua kwa kikohozi hata kabla hajafika kwenye taa."

"Na hukumfungulia."

"Aliniambia nisimfungulie. Sasa," alisita, akagusa shingo mahali pa ufunguo, "mmeniita mnisikilize, na mimi sitaki kuwaambia nusu. Nilifurahi kidogo."

"Ulifurahi?"

"Kidogo. Alipokuwa analowa."

Wakili alifumba macho. Kisha bega la Mwenyekiti likaanza kutikisika, halafu tumbo, halafu meza, na yule mama wa mwishoni akajificha nyuma ya faili lake. Mwenyekiti alipopata pumzi, alisema kufurahi hakumo katika orodha ya makosa ya utumishi, ila safari nyingine asifurahi akiwa zamu. Wakamtoa nje wazungumze. Hawakukawia. Onyo la mdomo, abaki kazini.

Alipokuwa akivuka uwanja, kengele ya jioni ilikuwa imeshalia. Langoni alimkuta Mwalimu Mkuu amesimama wima, ufunguo mkononi. Nje ya vyuma kulikuwa na pikipiki, juu yake shemeji, nyuma yake cherehani iliyofungwa kwa mpira, na kando yake mkewe, sanduku la nguo miguuni, mikono kiunoni.

"Nilisema ikifika jioni hujarudi na sanduku, umebaki," mkewe alimpigia kelele kupitia vyuma. "Na huyu bwana hataki kutufungulia!"

"Kengele imelia," alisema Mwalimu Mkuu. "Hawana pasi."

Alisema kwa upole, akitazama mbele. Lakini Komeo aliijua sura ile, ule mdomo uliobanwa ili usipande upande mmoja. Alikuwa amefurahi kidogo.

"Umebaki?" aliuliza Mwalimu Mkuu, bado akitazama mbele.

"Nimebaki, Mwalimu Mkuu."

Mwalimu Mkuu akamkabidhi ufunguo, mkono kwa mkono. Akasita, akatoa kalamu mfukoni na kipande cha karatasi, akakiegemeza kwenye nguzo.

"Pasi zinasainiwa ofisini, Mwalimu Mkuu," alisema Komeo.

"Wewe mwanaume!" mkewe alisema.

"Shemeji, kweli?" alisema shemeji, akazima injini.

Mwalimu Mkuu akairudisha kalamu mfukoni, akageuka, akaanza kuuvuka uwanja kuelekea ofisini, mwendo wa mtu aliyekalia kigoda kifupi mchana kutwa.

"Wamesemaje?" aliuliza mkewe kwa sauti ya chini, amesogea vyumani.

"Wamenisikiliza."

"Ulitaja giza?"

"Sikutaja."

Mkewe aliguna. Akafungua ule mpira, akaishusha cherehani taratibu, akaiweka chini karibu kabisa na lango na kukaa juu ya sanduku lake. Huko mbele taa ya ofisi ikawaka.